Mwalimu wa Theluji wa Kaloleni

Jumatatu, 7 Oktoba

Leo nimekuwa mwalimu wa theluji. Sikuamka na nia hiyo.

Nilikuwa nimekaa ndani ya gari langu la kufundishia nikingoja mwanafunzi. Hakuja. Ni wa tatu kutokuja tangu juma lililopita, na wote najua wako wapi. Wako kwa Shitanda. Mimi na Shitanda tulifundisha udereva pamoja miaka kumi na miwili. Sasa ana shule yake, magari matatu na ukuta wenye picha za alama za barabarani zinazowaka taa. Mimi nina gari moja la manjano lenye L mbele na L nyuma.

Akaja mama mmoja, Agneta Naswa, muuguzi. Anakaa hapa Kaloleni, si mbali na kwangu. Majirani humwita Mama Valarie, kwa jina la binti yake. Amepata kazi Kanada. Atazunguka na gari nyumba hadi nyumba akiwahudumia wazee wasioweza kutoka kitandani. Anaondoka tarehe ishirini na nne. Leseni anayo. Kinachomnyima usingizi ni theluji. Aliuliza kama hapa Kisumu kuna mtu anayefundisha kuendesha gari kwenye theluji.

Nikasikia mdomo wangu ukisema yupo, Zadock Ooko, ndiye mimi.

Akauliza nimeiendeshea wapi. Nikamjibu, sehemu za baridi. Si uongo. Niliwahi kufika Limuru mwezi wa saba, na nilivaa sweta mbili.

Jioni mke wangu, Maryanne, ameuliza theluji nimeiona lini. Nimemweleza kwamba mwalimu hahitaji kuona, anahitaji kuelewa. Ameniwekea ugali.

Jumanne, 8 Oktoba

Somo la kwanza, ndani ya gari lililosimama. Mama Valarie alikuja na kijitabu alichotumiwa na waajiri wake. Kimeandikwa kwamba kwenye barafu gari linaweza kuhitaji umbali mara kumi zaidi ili lisimame. Nikamwambia wazungu ni watu waoga. Kimeandikwa pia kwamba gari likianza kuteleza, dereva asikanyage breki kwa nguvu. Aondoe mguu, aelekeze usukani anakotaka kwenda.

Nikamwambia mimi nimefundisha watu mia nne, na wote nimewaambia jambo moja: breki ni ya kukanyagwa mguu mzima. Aliandika hilo kwenye daftari. Baadaye nikaona amelikata kwa mstari mmoja mwembamba, kwa adabu.

Aliniambia Valarie ana miaka tisa, na kwamba atabaki na nyanya yake Bungoma. Mtoto ameuliza kama theluji ikimfunika mama yake, nani atamfukua. Mama Valarie alicheka aliponiambia. Kisha akageukia dirishani.

Nikamwambia tuishie hapo kwa leo.

Jumatano, 9 Oktoba

Wazo limenijia nikinyoa ndevu. Barafu ipo! Ziwa lote hili linaishi kwa barafu. Wachuuzi wa mbuta wanapakia samaki kwenye barafu iliyosagwa kila asubuhi, nyeupe kama chumvi. Tatizo la nchi hii si kukosa theluji. Ni kukosa watu wa kuifikiria.

Mahali nilipata Milimani, kwa Bwana Robinson, niliyemfundisha udereva mwaka juzi. Njia yake ya kuingilia ni ya saruji na inateremka vizuri. Nikamwambia ni utafiti. Bwana Robinson anapenda utafiti. Akaniachia geti na yeye akaenda kazini.

Saa nne asubuhi magunia sita ya barafu yalikuwa yamemwagwa. Kwa dakika tatu ilikuwa theluji kweli. Nilisimama pale nikiitazama, jinsi ilivyopendeza. Mama Valarie akateremsha gari polepole. Magurudumu yakaanza kusaga kwa sauti ya mtu anayetafuna karoti.

Ndipo jua likatoka. Dakika ya tano tulikuwa na tope. Dakika ya saba tulikuwa na maji yenye magamba, kwa sababu barafu ile ilikuwa imeshalalia samaki tangu jana. Dakika ya kumi walitua korongo wale wenye vipara, kumi na mmoja, wakasimama mbele ya gari kama wanaosubiri kupewa mtihani. Mama Valarie akapiga honi. Hawakusogea. Wanaijua Kisumu kuliko sisi.

Mke wa Bwana Robinson alitoka akiwa ameziba pua na leso. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, kwa Kiingereza kilichonyooka, jina langu linaandikwaje. Nimesugua saruji hadi saa tisa.

Mama Valarie alichukua ufagio wa pili akasugua pamoja nami. Nilimwomba asifanye hivyo. Akasema wauguzi wamezoea.

Ijumaa, 11 Oktoba

Shitanda ameninyang'anya hata theluji. Kwenye geti la shule yake kuna bango la kitambaa: KOZI YA THELUJI, CHETI KINATOLEWA. Kando yake kuna picha ya Shitanda mwenyewe amevaa koti kubwa, nyuma yake mlima mweupe. Nimeisogelea kwa karibu. Mlima ni wa kuchorwa na koti ni la mwenye studio. Mimi mwenyewe nilipigwa picha na koti hilo mwaka jana.

Nilimkuta mlangoni. Nikamuuliza kama haoni aibu kufundisha kitu asichokijua, wakati uhai wa watu uko hapo. Akanitazama bila hasira, akaniuliza mimi nilikijulia wapi. Nikamwambia hilo ni swali la wivu. Nikaondoka kwa mwendo wa mtu aliyeshinda.

Nimefika nyumbani nikakaa muda mrefu bila kuvua viatu. Nilitaka sana kumchukia Shitanda. Ila kila nilipoanza kuorodhesha makosa yake, nilikuta ni yangu pia, isipokuwa koti.

Jumatano, 16 Oktoba

Nitaandika yote.

Dereva mmoja wa lori la chai aliniambia kwamba upande wa Kericho, ukishapita Sondu ukapanda, mchana mvua ya mawe hunyesha hadi barabara inakuwa nyeupe. Nikaona hiyo ndiyo shule yangu. Jumatatu tulienda, jua likatuchoma. Jumanne tulienda, tukanyeshewa na mvua ya kawaida isiyo na faida. Leo tukaenda tena. Mama Valarie alikuja na kijitabu chake mapajani. Nikaendesha mimi, nipate kumwonyesha.

Saa tisa wingu likaja chini, jeusi. Kisha mawe. Juu ya paa yalilia kama maharagwe yanayomwagwa kwenye sufuria, na kwa dakika chache mashamba ya chai yalipotea, lami ikapotea, kila kitu kikawa cheupe. Magari mengine yakaegeshwa kando. Mama Valarie akasema labda na sisi tuegeshe. Nikamwambia hatukutoka Kisumu kuja kuegesha. Nikaongeza mwendo, aone mwalimu.

Kwenye mteremko, baada ya kona, kulikuwa na lori limesimama njiani. Nikakanyaga breki. Mguu mzima.

Gari halikusimama. Lilikwenda. Kichwa cha gari kikageuka upande, na lile lori likaja kwenye dirisha langu polepole, bila haraka, na mimi nikiwa nimeshika usukani usiokuwa na kazi. Miaka ishirini na sita ya udereva, na hakuna kitu hata kimoja nilichokijua ambacho kilikuwa na maana pale.

"Mwalimu," Mama Valarie akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayezungumza na mgonjwa. "Toa mguu kwenye breki."

Mguu ulikataa.

"Toa tu. Usiangalie lori. Angalia pale kwa nyasi, peleka gari pale."

Nikatoa. Nikaangalia nyasi. Magurudumu yakashika kitu, gari likanyooka, likapita lori kwa nafasi ya kiganja, likaingia kwenye nyasi na kusimama pua ikiwa ndani ya michai. Injini ikazimika. Mawe yakaendelea kulia juu yetu.

Nilianza kumwambia kwamba hilo ndilo kosa nililokusudia kumwonyesha. Sentensi haikufika mwisho.

"Mwalimu, theluji umewahi kuiona?"

"Hapana."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja, Mama Valarie. Nisamehe."

Akatikisa kichwa polepole. "Nilijua siku ile ya samaki."

Nikamuuliza basi kwa nini aliendelea kuja.

Alifunga kijitabu kwanza. "Nyumbani nikisema naogopa, wananiambia niombe. Kazini wananiambia nina bahati, niache kulalamika. Wewe ulinitafutia barafu." Akafungua mlango. "Sasa toka hapo, nikae mimi."

Tukabadilishana viti. Akawasha taa. Akafuta kioo chote, si tundu dogo la kuchungulia kama ninavyofanya mimi. Akarudisha gari barabarani kwa gia ya kwanza, mguu ukiwa mwepesi sana kwenye klachi. Aliacha nafasi kubwa mbele yake, hata wa nyuma yetu akapiga honi. Hakumjali. Alipotaka kupunguza mwendo, alianza mapema, mbali, kama mtu anayekumbuka jambo kabla halijahitajika. Mara mbili gari liliteleza kidogo, na mara mbili akaondoa mguu na kungoja. Nilikuwa naangalia mikono yake. Haikushika usukani kwa nguvu.

Tulipokaribia Sondu mawe yalikuwa yamekwisha, barabara ni maji tu. Tukanywa chai ya maziwa mkahawani.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nimemweleza Maryanne yote. Nilitarajia anigombeze. Alikaa kando yangu, akashika mkono wangu akaugeuza kama anaukagua, akasema angekuwa mjane kwa sababu ya somo la uongo. Alisema mara moja tu. Ingekuwa afadhali angegomba.

Nimeapa. Nimeapa mbele yake, na naandika hapa ili kiapo kiwe na ushahidi. Kuanzia leo, nikiulizwa jambo nisilolijua, nitasema sijui. Ni neno dogo. Nimelijaribu mara kadhaa mbele ya kioo. Linatoka.

Nimeenda pia kwa Shitanda nikamweleza habari ya breki kwenye mawe, yote, pamoja na aibu. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akapanda ngazi akashusha bango lake. Sikumsaidia kulikunja, ila nilimshikia ngazi.

Alhamisi, 24 Oktoba

Nimempeleka Mama Valarie uwanja wa ndege. Valarie alikuwa kiti cha nyuma na nyanya yake. Tulipofika, mama yake alichuchumaa mbele yake, akamwambia gari likiteleza mtu hakanyagi breki, anaondoa mguu na kuangalia anakokwenda. Akamtaka arudie maneno hayo. Valarie akayarudia, neno kwa neno, machozi yakimshuka. Mama Valarie akamwambia basi, sasa unajua kwamba mimi najua.

Ananiita mwalimu bado. Alinishika mkono mbele ya watu akasema, "Asante, Mwalimu." Nilitazama chini. Viatu vyangu vilikuwa na vumbi.

Jumamosi, 16 Novemba

Ujumbe kutoka Kanada. Theluji ya kwanza imeanguka, hadi kwenye magoti. Amefika kwa wazee wake wote watano. Kwa mzee wa mwisho alichelewa saa nzima. Mzee akamuuliza kwa nini, naye akamjibu kwamba amekuja taratibu, ili kesho aje tena.

Niliusoma mara tatu. Kisha nikampelekea Maryanne jikoni ausome. Alifuta mikono kabla ya kuishika simu.

Jumatatu, 18 Novemba

Kijana mmoja amekuja, anaitwa Mathews. Anasema alielekezwa kwangu na watu wa Kaloleni, kwamba mimi ndiye mwalimu wa wanaokwenda nje. Sikumsahihisha, angekosa ujasiri. Amepata kazi ya udereva Ghuba, kwenye kampuni ya mafuta, huko ndani ya jangwa. Aliuliza kama nimewahi kuendesha gari jangwani.

Nilikumbuka kiapo. Nataka ieleweke kwamba nilikikumbuka. Lile neno dogo lilikuwa limeshafika kwenye ulimi.

Lakini alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, kofia mikononi, na uso ule ule wa mtu ambaye kila mmoja amemwambia ana bahati. Nikafikiri kwamba mtu wa namna hiyo hahitaji kusikia sijui. Ni kweli nilifikiri hivyo. Nilifikiri kwa kama sekunde mbili.

Nikamwambia jangwa nalijua vizuri sana. Kisha, kwa upole tu, nikamuuliza kama huko anakokwenda mchanga unakuwa barabarani ama kando.