Rangi Saba za Wafadhili

Jumatatu, tarehe 4 Machi
Siku kubwa! Mkurugenzi wa shirika letu kaniita. Mafaili ya wafadhili yawe yamepangwa ifikapo Ijumaa. Mfadhili anayelipia darasa letu la watoto viziwi anamtuma mkaguzi siku hiyo. Asiporidhika, darasa linafungwa. Nikauliza kama kazi hii ina cheo ndani yake. Akasema ina kabati ndani yake. Nimelihesabu hilo kuwa ndiyo.

Kabati lenyewe balaa. Barua za miaka tisa, mikataba imelaliana na maombi yaliyokataliwa. Mama Klipu, mhazili wetu, anadai anajua kila karatasi ilipo, kwa sababu huandika kwenye daftari. Daftari! Zama hizi!

Jumanne, tarehe 5
Nimebuni mfumo. Rangi saba! Juu ya faili hakuna jina wala mwaka. Maana ya kila rangi imo kichwani mwangu tu. Anayetaka karatasi sharti apitie kwangu. Mtu wa namna hiyo hafukuzwi, hupandishwa cheo. Mke wangu akauliza je, nikisahau? Nilizima taa, kwa heshima ya ndoa.

Jumatano, tarehe 6
Mafaili mia moja na kumi na mawili yamehama. Mama Klipu kanifuata rafu hadi rafu, akiuliza kijani ni nini. Nikamjibu kijani ni matumaini. Akaniangalia kama mtu anayeangalia maziwa yanayochemka karibu kumwagika, akaandika kitu. Wivu huo!

Saa tisa majalada ya kijani yakaisha. Nikaendelea na bluu, ila bluu yenye maana ya kijani. Bluu halisi nikaipeleka kwenye manjano. Nitakumbuka.

Alhamisi, tarehe 7
Mkaguzi kaja leo! Siku moja kabla! Mama mpole, hana haraka. Hao ndio wabaya.

Akaomba mkataba wa darasa. Nikafungua bluu kwa madaha. Mwongozo wa feni. Nikafungua manjano. Barua ya mfadhili mwingine akitukataa. Mkurugenzi akaanza kukohoa. Nikajikaza kisabuni, nikamkabidhi mkaguzi faili jekundu bila hata kulitazama. Akasoma kwa sauti. Ilikuwa nakala ya barua yangu ya kuomba kazi shirika jirani, ambamo niliandika kwamba hapa mkurugenzi ni wa jina tu, mwendeshaji ni mimi.

Nikalichukua faili, nikalirudisha rafuni.

Mlangoni walikuwa wamesimama mzazi mmoja na binti yake anayesoma darasa letu, wamekuja kuuliza kama wiki ijayo kuna masomo. Mtoto akamwashiria mama yake kwa vidole. Mkaguzi, kumbe anaijua lugha ya alama, akacheka. Nikauliza mtoto kasema nini. Mzazi akasita. “Samahani kaka,” akasema, “anauliza kama wewe ndiye mwanafunzi mpya.”

Hapo Mama Klipu akainuka. “Sogea, mwanangu.” Akafungua daftari. Jana yote alikuwa akiandika nilipotupa kila karatasi! Akasoma: rafu ya tatu, zambarau, chini ya kalenda kuukuu. Mkataba ukatoka. Ripoti za mwalimu zikafuata, zote tisa, kwa mfuatano. Mkaguzi akamwita dada. Mimi hakuniita chochote.

Ijumaa, tarehe 8
Darasa limepona. Miaka miwili mingine! Mzazi wa jana kalia ofisini, kamkumbatia Mama Klipu, na kwa bahati mbaya na mimi. Nilifurahi kweli. Kwa dakika kama nne.

Kisha tangazo: Mama Klipu ni Mratibu wa Kumbukumbu. Mimi niko chini yake. Kanituma niandike jina la mfadhili na mwaka juu ya kila faili, kwa mwandiko unaosomeka. Mkurugenzi kaongeza kwamba shirika jirani wamempigia simu kuuliza habari zangu, naye kanisifu sana ili wanichukue. Hawakunichukua.

Jumamosi, tarehe 9
Mke wangu kauliza nimejifunza nini. Mengi! Kwanza, mkaguzi anayewahi si mtu wa kuaminika. Pili, rangi ni mambo ya watoto. Watu wazima hutumia namba. Asubuhi hii nimebuni mfumo wa namba, kuanzia elfu saba kurudi nyuma, ukiruka kila ya tatu. Siri yangu mwenyewe. Jumatatu naanzia rafu ya juu kabisa. Mama Klipu ni mfupi, hafiki.