Mkondo Wangu wa Umeme Angani

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimeugundua! Mwandiko mbaya, sijali. Kazi yangu hapa kituo cha nyota ni kuskani mabamba ya kioo, picha za anga zilizopigwa miaka themanini iliyopita. Kwenye bamba nyota ni nyeusi na anga nyeupe. Kompyuta ndiyo inayogeuza rangi hizo. Leo, bamba namba 212, kati ya galaksi mbili, mstari mwembamba unaong'aa! Umejipinda kidogo. Si nyota. Si kimondo. Ni mkondo wa umeme!

Wapo wanaosema galaksi zimeumbwa na mikondo ya umeme ndani ya plazma, yaani gesi iliyopashwa moto mpaka inapitisha umeme, wala si kazi ya mvutano, ile nguvu inayoangusha vitu chini. Daktari, mkuu wetu wa kituo, huwapinga kwa upole, na upole wake unatisha kuliko ukali. Ijumaa kuna mjadala juu ya jambo hilohilo. Nitasimama mimi.

Mkataba wangu unaisha mwezi huu. Aliyenidhamini ni shemeji, kaka wa mke wangu, msimamizi wa chumba cha skana. Sijamwambia kitu. Huyo akijua tu, ugunduzi utakuwa wake.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Mstari upo pia bamba 213! Na 214! Mpaka 230! Anga tofauti, miaka tofauti, mstari uleule, urefu uleule, umejipinda vilevile. Watu wanataka ushahidi gani tena? Mkondo umeenea kila mahali.

Shemeji kapita, kauliza kama nasafisha kioo cha skana kila asubuhi kwa ile brashi ya kuondolea vumbi. Nikamjibu ndiyo shemeji, bila shaka. Uongo mtupu. Brashi ile ukiisugua inakurushia cheche kidoleni, na mimi umeme nauogopa tangu utotoni. Nyumbani hata taa huwasha mke wangu. Kioo nakifuta kwa mkono wa sweta. Kinang'aa vizuri tu.

Nimempelekea Daktari picha zote kumi na tisa pamoja na jina langu. Hakuna kurudi nyuma.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nimekwisha.

Asubuhi niliandika barua ya kuomba mkataba mpya. Nikaiweka kwenye skana nibaki na nakala. Mstari ukatokea katikati ya barua. Mweusi safari hii, umejipinda vilevile, umekatiza jina langu. Nikatazama kioo kwa karibu. Uzi wa sweta.

Nikakimbilia kwa Daktari nizichukue tena zile picha, nikasema zinahitaji kuboreshwa kidogo. Akasema kwa upole uleule kwamba zimekwishaingia kwenye ratiba, na wageni wa vituo vingine wana hamu nazo.

Mpango: bamba 212, lile la kwanza, lisionekane, wasipate cha kulinganisha na picha. Nikalificha ndani ya koti, nikaenda nalo nyumbani kula, nikalisukuma chini ya godoro. Akili! Mke wangu akaja akakaa kitandani avue viatu.

Krak.

Akalitoa. Vipande viwili. Akauliza ni nini hiki. Nikasema kioo cha dirisha. Akakiinua kwenye mwanga, akaziona nyota. Yeye ni dada wa mtu aliyezitunza nyota hizo miaka ishirini na miwili, hadanganyiki. Alilia. Kisha akamfungia kaka yake vipande kwenye kanga, akaondoka navyo bila kunitazama.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Ukumbi umejaa. Daktari alianza. Alisema plazma ipo, hata jua letu ni plazma, na mikondo ya umeme ipo huko angani, hakuna anayebisha. Ubishi ni iwapo mikondo hiyo ndiyo inayozijenga galaksi, na vipimo mpaka leo vinauelekea mvutano. Halafu akaniita.

Picha zikawekwa ukutani zote kumi na tisa. Mgeni mmoja wa mbele akauliza kwa nini mkondo wa mbinguni hauzidi wala haupungui urefu popote. Nikaona mlango wa dharura, nikaupima kwa macho.

Shemeji akasimama. Akasema ule ni uzi kwenye kioo cha skana, na usafi wa kioo ni jukumu lake. Akasema pia kuwa bamba 212 limevunjika na analibebea yeye lawama. Alisema mimi ni mgeni wa kazi, nisamehewe.

Daktari akasema umeme pekee anaouona hapo ni ule wa msuguano, ulioushikilia uzi kwenye kioo. Watu wakacheka. Mimi nikaandika kwenye kiganja: Amekiri umeme!

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Shemeji ameshushwa cheo. Yuko ghala la chini, anapanga maboksi. Mkataba wangu umeongezwa miezi mitatu, kwa ombi lake yeye. Nilikutana naye kwenye ngazi. Aliniuliza tu kama naendelea vizuri, nikamjibu ndiyo shemeji, nikapanda haraka. Mke wangu ananipakulia chakula, anarudi jikoni kula peke yake. Inauma, sitaki kudanganya.

Ila kiti cha msimamizi kiko wazi. Na anayekikalia ndiye anayeamua picha gani zipelekwe kwa Daktari! Maombi nimekwishayaandika, nimeyaweka mezani kwa karani kabla hofu haijanirudisha nyuma. Fomu inadai jina la mtu wa kunidhamini. Nimemwandika shemeji. Hatakataa, ni mtu mwema sana.