Diski ya Harusi ya Mzee Engole

Maloba alipomwona mwanamke akivuka mpaka wa Busia amekumbatia diski kwa mikono miwili, alijua Mungu amemkumbuka. Diski inayobebwa hivyo ina kitu ambacho mwenyewe hawezi kukipata tena. Kibandani mwake, upande wa Kenya, kulikuwa na laptopu moja ya Windows iliyomlisha, iliyomvisha na iliyomlipia kodi. Juu ya mlango alikuwa ameandika "Daktari wa Data". Chuo kilichompa udaktari huo hakijajulikana hadi leo.

"Mimi Felistus, napiga video ya arusi kule Tororo," mwanamke alisema. "Huyu ni Mzee Engole wa Buteba. Arusi ya binti yake iko hapa ndani. Kompyuta yangu ni Mac, na wakwe wako Kenya na Windows, kwao diski inakataa kufunguka. Nataka ifunguke huku na huku."

Mzee Engole, mwanamume mrefu mwenye fimbo, alisogea karibu. "Mama ya mtoto alikuwa amelazwa hospitali. Hakuona kitu. Mimi nimemuahidi ataona."

Maloba akachomeka diski. Windows, isiyosoma diski iliyofomatiwa kwa Mac, ikauliza kama aifomati. Fundi mwenye dhamiri angewaambia warudi, wanakili kwanza vilivyomo kwa Mac yao, ndipo diski ifomatiwe kwa exFAT, mfumo unaosomwa na mashine zote mbili. Dhamiri ya Maloba, kwa bahati mbaya, ilikuwa safarini. Mpango wake ulikuwa mwepesi: anafomati, harusi inafutika, wateja wanalia, kisha anawauzia kazi ya kuifufua. Programu ya kufufua mafaili alikuwa nayo, na ilikuwa haijamwangusha.

"Umeiona arusi ndani?" Felistus aliuliza kwa upole.

"Kwa macho yangu, madam," alijibu Maloba, ambaye hakuwa ameona hata jina la faili. "Bibi harusi ameng'ara. Na wewe mzee, ulicheza vizuri sana."

Mzee akatabasamu. "Nilicheza, kweli."

Maloba akabonyeza. Muda mfupi baadaye akashika kichwa, kwa ustadi wa mtu aliyezoea kukishika. "Poleni. Virusi vimekula kila kitu. Lakini msijali, dawa iko, ni gharama kidogo tu."

Felistus hakulia, jambo lililomkera Maloba kidogo. "Mzee, umesikia?" alisema. "Arusi ilikuwa ndani, imepotea kwa mkono yake, na anasema atairudisha."

"Nimesikia."

Programu ikachambua diski yote na kuleta matokeo: hakuna kitu. Maloba akairudia. Hata picha ya kiti haikupatikana. Sasa alielewa kwamba diski hiyo haikuwahi kubeba chochote tangu itoke dukani.

"Mzee, hii diski ilikuja tupu."

"Tupu namna gani? Si umeniona nikicheza?"

Jibu lilikuwepo, ila lingemtangaza Maloba kuwa mwongo mbele ya fimbo ile. Mzee akafunga laptopu na kuitia kwapani. "Hii inakwenda Buteba. Utaikuta huko siku tutarudia arusi. Hema na chakula ni yako kulipa."

Mzee alipotoka, Maloba akamgeukia Felistus. "Dada, niambie ukweli. Harusi iko wapi?"

"Betri ilikufa hata bwana harusi hajafika. Mzee angechukua kamera yangu, na ndiyo inalisha watoto."

"Ukaamua kuniletea mimi."

"Nilisikia wewe unafuta vitu ya watu halafu unawauzia tena. Nikaona kazi hiyo unaijua."

Siku ya marudio, Felistus alikuja na betri za akiba, na diski aliyoifomati mwenyewe kwa exFAT kabla ya kutia kitu. Maloba alishikishwa taa. Mama mzazi, aliyekwisha kutoka hospitali, alikaa mbele, akaona kila kitu kwa macho yake, akacheza mpaka viatu vikamvuka. Kisha akauliza ni nani aliyelipia shughuli yote hii. Mzee akamnyooshea Maloba kidole.

Mama akaja, akamshika Maloba mikono yote miwili, machozi yakimtoka. "Asante, mwanangu. Wewe iko na roho safi."

Maloba, mwanamume aliyewahi kumuuzia padri maji ya kuoshea data, akainamisha kichwa, na kamera ya Felistus ikarekodi yote.