Jengo Zima Kwenye Kochi

Jumatatu, 6 Februari

Daktari Grinfeld ameondoka leo kwenda baharini. Wachambuzi wa nafsi wote wa Buenos Aires, hawa wanaotulaza kwenye kochi na kutusikiliza, huondoka Februari, na mji huachiwa wagonjwa wao. Kabla hajafunga mlango aliniambia kwamba mimi ni mtu huru, nisiogope kutaka ninachokitaka. Nikamshukuru. Ninachokitaka nakijua: yasmini ya Nélida ibaki juu ya paa.

Yeye, marehemu mke wangu, aliipanda ndani ya pipa lililokatwa nusu, mwaka ule tuliohamia hapa. Alikuwa akianika nguo pembeni yake. Nikaenda kazini posta kwa miaka mingi na mashati yanayonukia maua. Wenzangu walinicheka. Niliwaacha wacheke.

Sasa kuna tangazo ndani ya lifti. Mkutano wa wakazi, Alhamisi. Ajenda: kuondoa mapipa yote juu ya paa. Mapipa yote! Lipo moja tu. Aliyetia sahihi ni mwenyekiti, Osvaldo Tcherkaski wa ghorofa ya tatu.

Nimekaa nikawaza. Osvaldo alilelewa na baba mkali mno. Humsimulia kila anayepanda naye lifti. Basi kumbe! Pipa ni baba yake. Anataka kumwangusha. Kilichobaki ni kumweleza.

Jumanne, 7 Februari

Nimemweleza. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniudhi. Alinipa kibuyu cha chai chungu, akasikiliza huku ameinamisha kichwa, kama daktari. Halafu akaniuliza nilianza uchambuzi lini. Nikasema Septemba, baada tu ya mazishi. Akatabasamu. Yeye yuko kwenye kochi tangu alipokuwa na nywele. Suala la baba alilimaliza zamani, akasema; siku hizi anamshughulikia shangazi. Akanipigapiga begani.

“Wewe bado uko chekechea, Evaristo.”

Nikaondoka bila kumaliza chai. Kiburi kile kinatoka kwa shangazi. Wazi kabisa.

Jumatano, 8 Februari

Mvua kubwa tangu alfajiri. Mpango mpya. Ikiwa Osvaldo hatibiki, nitawatibu wapiga kura.

Hoja yangu nimeiandaa vizuri. Jengo ni mtu mmoja mkubwa. Stoo ya chini ni nafsi iliyofichika. Lifti ni hasira, ndiyo maana hukwama. Paa ni matamanio. Anayefukuza ua paani anajifukuza mwenyewe. Nimejisomea mbele ya kioo. Nimeridhika.

Nilianza na Haydée Sosa wa ghorofa ya juu kabisa. Mwanamke mpole. Miezi ya mwisho alikuwa akimletea Nélida supu ya boga, na Nélida, asiyekula kitu tena, alikuwa akila ile. Nilimkuta Haydée amechoka, macho mekundu. Godoro lake limeegemezwa kwenye ukuta wa sebule, ndoo na sufuria zimetapakaa kila mahali. Nikamwuliza kuhusu mama yake. Akasema yuko kwao mkoani Tucumán, mzima, anatusalimu. Nikajua anakwepa. Kisha akataka nikaone kitu chumbani kwake. Nikakataa kwa adabu. Mgane lazima awe mwangalifu.

Kura yake naihesabu kuwa yangu.

Alhamisi, 9 Februari

Mkutano ulifanyika ukumbini chini, kila mtu na kiti chake kutoka nyumbani. Nilizungumza vizuri. Niliwaambia kila mmoja autue mzigo wa wazazi wake na apige kura kama mtu huru. Nikadhani nimeshinda. Osvaldo akaomba kuongezea kidogo kuhusu mashangazi, wakamkatalia wote kwa pamoja.

Ndipo Haydée akasimama.

“Don Evaristo, mimi na mama yangu hatuna ugomvi wowote. Mizizi ya yasmini imepasua paa. Maji yananidondokea kitandani.”

Mikono ikapanda. Walipiga kura kwa uhuru, kama nilivyowafundisha. Mkono wangu peke yake ulibaki chini. Nilitaka kusema neno kuhusu yale mashati, nikaishia kubeba kiti changu. Osvaldo akawa anatazama viatu vyake.

Jumamosi, 11 Februari

Nilikuwa nimepanga kujifungia ndani wakati wa kuliondoa pipa. Asubuhi Osvaldo akagonga, kamba begani, ndara miguuni. Nyuma yake jengo zima.

Haydée alikuwa paani amepiga magoti, akiitoa mizizi kwenye nyufa kwa kijiko cha chai, mmoja mmoja, isikatike. Hakuna aliyemwomba. Pipa halikuingia kwenye lifti, kwa hiyo tukashuka nalo ngazi. Kila ghorofa ugomvi. Vuta huku. Hapana, zungusha. Haydée akamwuliza Osvaldo kama hanyanyui upande wake kwa sababu shangazi kamkataza, na tukalazimika kulitua pipa ili watu wamalize kucheka. Mimi pia nilicheka, nikashangaa kuisikia sauti yangu.

Sasa liko uani, chini ya madirisha ya majiko yote. Maua machache tu yameanguka.

Nikawauliza, kila mmoja kando, kwa nini hasa wamefanya hivi. Hakuna aliyenipa jibu la maana. Haydée akasema Nélida alikuwa jirani yao, basi. Jibu la juujuu sana.

Jumapili, 12 Februari

Nimeamka nikasikia maji. Haydée anamwagilia yasmini. Baada yake Osvaldo, akidhani hakuna aliyeimwagilia. Halafu bibi wa ghorofa ya kwanza. Uani pamekuwa bwawa.

Nimekwisha kuelewa! Ni hatia. Jengo zima lina hatia na halijui, maskini. Daktari Grinfeld harudi hadi Machi, na watu hawa hawawezi kungoja. Nimesogeza kochi karibu na dirisha, nimelipangusa vumbi, nimeweka mto safi. Kuanzia kesho nitawapokea mmoja mmoja.

Haydée amechungulia mlangoni, akaniuliza kama nimekula. Huyu ndiye anayeumwa zaidi. Nitaanza naye.