Keki za Risasi

Jumatatu, 14 Oktoba

Baba mkwe katangaza leo mezani, maharage yangali mdomoni: macho yake hayamwoni tena kulungu, kwa hiyo bunduki yake ataikabidhi kwa mmoja wa wakwe zake. Jumamosi kila mtu alete risasi alizosubu mwenyewe, yaani kuyeyusha na kumimina kalibuni, tupige kwenye malisho yake. Atakayetoboa karatasi matundu yakae karibu karibu zaidi, ndiye mrithi. Risasi za dukani marufuku. Mzee Hobart anasema mwanamume asiyejisubia risasi ni mgeni wa bunduki yake.

Wakwe wenyewe tuko wawili. Mimi Verlin, mume wa Opal. Na mwanyumba wangu Doyle, aliyemuoa Garnet, mdogo wake Opal. Doyle huitwa "mwanangu". Mimi huitwa "wewe wa Opal". Miaka yote hii! Na ni mimi niliyemwezekea mzee banda la kuku. Linavuja, ndiyo, lakini kuku hawajalalamika.

Sina kijicho. Ninaona tu.

Jumanne, 15 Oktoba

Nimepita kwa Doyle kumsalimia, yaani kumpeleleza. Nimemkuta barazani na ndoo ya vile vyuma vidogo vya kusawazisha magurudumu. Anabana kimoja kimoja kwa koleo. Kikibonyea ni madini ya risasi, kinaingia ndooni. Kikikataa ni zinki, anakitupa, maana zinki kidogo tu huharibu sufuria nzima. Huku anapiga mluzi wa nyimbo za kanisani!

Garnet akanisifia subira ya mumewe. Nikarudi nyumbani, Opal naye akaisifu. Nimekula mara mbili kwa hasira.

Jumatano, 16 Oktoba

Wazo! Ndoo iliyokwisha kuchambuliwa haichambuliwi tena.

Gereji wamenipa zinki bure, konzi kadhaa. Wakaniuliza za nini, nikasema za kuvulia samaki. Doyle alipokwenda kazini nikazimwaga juu ya ndoo yake, nikakoroga kidogo kwa vidole. Hakuna aliyeniona ila mbwa wake, naye nilimpa soseji.

Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Mimi sikuchimba. Nilimwaga.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nimejaribu risasi zangu bondeni. Nilizisubu kwa mabomba ya zamani, laini kama siagi. Mtutu umejaa utando wa risasi, na matundu yametawanyika karatasini kama kuku waliomwona mwewe. Moja haikugusa karatasi kabisa. Imetoboa ndoo ya maji niliyokuja nayo.

Nimemlalamikia Opal chakula kizima. Sina risasi ngumu kama ile ya magurudumu, Doyle ana ndoo tele, dunia haina haki. Nimekataa mkate wa mahindi ili ajue jambo ni zito.

Ijumaa, 18 Oktoba

Nina mke! Opal kaniletea risasi ngumu, imeyeyushwa na kumiminwa katika bati la kuokea keki ndogo, kama tufanyavyo sote huku. Keki nzito, zinang'aa. Nikauliza zimetoka wapi. Akasema mwenye njaa haulizi tanuri.

Nimesubu tangu asubuhi. Sufuria imenisumbua, imefanya uji ulioganda juu, nikaongeza moto. Risasi zimetoka na mikunjo, kingo zake butu. Bila shaka kalibu imezeeka. Sikuzijaribu. Wanaojaribu ni wenye mashaka.

Jumamosi, 19 Oktoba

Niandike upesi kabla furaha haijapoa.

Doyle alitangulia. Matundu yake yote ungeyafunika kwa kifuniko cha chupa. Zinki yangu iko wapi?

Zamu yangu. Karatasi ilichanika. Risasi zilifika zimelala ubavu, kila tundu na umbo la karanga. Mzee akasema ningemrushia kulungu kwa mkono ningempata. Garnet akacheka hadi akashika uzio.

Kisha mzee akaomba risasi yangu moja. Akaipima kiganjani, akaibana kwa koleo. Haikubonyea.

"Hii ni zinki," akasema. "Umeitoa wapi?"

Opal akanitangulia. "Katoa Doyle, Baba. Nilimwomba Garnet amsaidie Verlin, basi Doyle akachota vya juu ya ndoo yake, akayeyusha."

Juu ya ndoo! Yeye akabaki na ya chini, safi. Nilikohoa mpaka nikaletewa maji.

Wote wakamgeukia Doyle. Angeweza kubisha. Kavua kofia.

"Kama imetoka kwangu, kosa ni langu," akasema. "Nilidhani nimechambua vizuri. Siwezi kumshinda mtu kwa risasi mbovu niliyompa mwenyewe. Baba, mpe Verlin bunduki."

Mzee akaniwekea bunduki mikononi na kusema, "Shika, mwanangu."

Mwanangu! Mimi! Ningeweza kusema ukweli pale pale, lakini ningeharibu sherehe.

Jumapili, 20 Oktoba

Kanisani nimeingia kifua mbele. Hakuna aliyeuliza habari za bunduki. Wote wamemzunguka Doyle! Wanaume wanampa mkono, eti kukiri kosa mbele ya watu ni uungwana. Mchungaji kamtaja kuwa mfano. Mama mkwe kamwokea pai ya tufaha, na mzee kashinda barazani kwa Doyle alasiri nzima, anamfariji, wanacheka.

Kwangu hakufika mtu. Nimekaa na bunduki kutwa. Nimeisafisha, nikaisafisha tena. Haiongei.

Jumatatu, 21 Oktoba

Nimeng'amua! Siri haikuwa risasi wala bunduki. Siri ni kukiri. Doyle kakiri kosa dogo, tena si lake, akapata mzee na pai. Je, mwenye kosa kubwa, la kwake mwenyewe, la makusudi?

Jumapili nitasimama mbele ya kanisa zima. Nitasema kuhusu gereji, ndoo, hata soseji ya mbwa. Nitalia. Doyle hakulia, hapo ndipo nitakapomshinda. Opal ananiuliza mbona nafanya mazoezi ya kupiga magoti jikoni.

Nimemwambia aandae sahani kubwa ya pai.