Sinki la Josephina Linaloosha Vyombo Lenyewe

Kikundi cha Akina Mama Beseni Moja,
Nsemulwa, Mpanda.

Ndugu Mwenyekiti wa Mtaa,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA SINKI

Natumaini barua hii inakukuta mzima na goti lako limepata nafuu. Mimi ni Rabia Uwesu, Katibu wa kikundi chetu cha kupika na kuosha vyombo kwenye shughuli za mtaa, iwe harusi, iwe msiba. Kwa heshima zote naleta malalamiko yanayomhusu mwanachama mwenzetu Josephina, mjane wa marehemu Telesfori wa reli. Naomba ieleweke kwamba sina ugomvi na Josephina. Ugomvi wangu ni na sinki lake.

Kwa kuwa hujaliona, nieleze. Ni sinki la jikoni kama mengine, ila upande wa kulia lina mfuniko, na chini ya mfuniko imo mashine ya kuosha vyombo. Aliliagiza mwenyewe Dar es Salaam, likaja kwa treni. Fundi Arcade wa Katumba alikata meza ya jikoni siku mbili nzima, akalifunga, kisha akatuita wanachama wote tuje tuone. "Kina mama," akasema, "huku unanawa mikono, huku linaosha lenyewe." Tulipiga makofi. Na mimi nilipiga, nakiri mapema ili nisije nikaumbuliwa na mtu mwingine.

Malalamiko yetu ni haya:

1. Sinki hili ni dogo. Linachukua sahani sita, vikombe vichache na vijiko. Sufuria la ugali haliingii. Mwiko nao haukuingia, Josephina akaukata mpini kwa msumeno. Sasa akisonga ugali mvuke unamuunguza vidole, halafu anatuambia maisha yamekuwa rahisi.

2. Kabla ya kutia sahani ndani, lazima kwanza uikwangue, uisuuze na kuitoa mabaki yote. Nilimuuliza Josephina, "Sasa hapo si umeshaiosha?" Akajibu, "Dada Rabia, hapo nimeiandaa." Siku aliyotia sahani za dagaa wa Ikola bila kuziandaa, Arcade aliitwa akatoa konzi nzima ya magamba kwenye chujio. Wanawake wa mtaa huu hawajawahi kuwa na chujio la kuziba. Wana mikono.

3. Hapa nakuomba ukae chini. Unakumbuka arobaini ya mama yake Zubery, muuza vitenge wa sokoni. Wageni walikuwa wengi, wakala kwa awamu. Awamu ya kwanza ilipomaliza tukavuta mabeseni, tukakunja vitenge magotini kama kawaida yetu. Josephina akasimama akasema, "Nyie kina mama mmechoka. Leo pumzikeni, vyombo vyote pelekeni kwangu." Nani atakataa kupumzika mbele ya watu? Sahani themanini na nne zikapanda bajaji.

Zile sita za kwanza ziliingia. Sinki likanguruma zaidi ya saa nzima. Zile sita za pili zilikuwa katikati ya povu umeme ulipokatika, na mfuniko ukagoma kufunguka. Wakwe wa Zubery walikuwa wameshanawa mikono. Bwana Mwenyekiti, wakwe wale walikula pilau kwenye mifuniko ya hotipoti. Shehe alikula kwenye kisosi, akiongezewa kijiko kwa kijiko. Mzee mmoja kati ya wakwe hao, aliyezoea watu wake kula kwa nafasi, alipewa mfuniko wa ndoo. Aliugeuza huku na huku, akauliza kama ndiyo taratibu za mjini.

4. Josephina ni mwaminifu, na huo ndio ubaya wenyewe. Alikataa kuzirudisha zikiwa chafu. Aliziosha zote themanini na nne, sita sita, kwa siku tatu, akingoja umeme na kujaza tangi. Zilirudi zinang'aa. Lakini ule unga wa sabuni wa mashine na yale maji ya moto viliondoa rangi za kucha.

Unajua, au muulize mkeo, kwamba sahani za mtaa huu zote zimetoka duka moja, zote nyeupe, zote zina ua. Tunazitambua kwa alama ya rangi ya kucha chini ya kitako. Mariana ana nukta nyekundu. Nyanzala ana mistari miwili ya bluu. Upendo ana msalaba, mimi nina herufi R ya kijani. Sasa hakuna nukta, hakuna mstari, hakuna msalaba. Tulipokutana kugawana, kila mwanachama aliapa kwamba zake zilikuwa nzima zote. Zile zilizobanduka ukingo, ambazo ni ishirini na moja, inaelekea hakuna binadamu aliyewahi kuzimiliki. Zimekaa barazani kwangu kwa sababu mimi ni Katibu.

5. Mariana na Upendo hawasemezani tangu mfungo. Utaratibu wetu kwa watu wa namna hiyo unajulikana. Tunawaweka beseni moja, huyu anaosha, yule anasuuza. Huwezi kumsuuzia mtu sahani themanini bila kumwambia "hii bado ina mafuta," na ukishasema hivyo mmeanza kuongea. Siku ya arobaini ndiyo tuliyoipanga. Lakini vyombo vikapanda bajaji, na wao wakakaa kwenye mkeka kila mtu kaangalia ukuta wake.

6. Mimi kama Katibu sina tena habari za mtaa, maana zote tulikuwa tunazipata kwenye beseni. Juzi nimesikia redioni jambo lililotokea nyuma ya nyumba yangu.

7. Mke wa mwanangu mkubwa nilimchagua kwa kumtazama anavyosugua kitako cha sufuria. Masinki haya yakienea, vijana wataoa kwa kutazama nini? Leo sinki linaosha, kesho jiko litasonga, keshokutwa mtu atakufa na tutatuma kifaa kikalie mkeka kwa niaba yetu. Tena nauliza, mtu anayeishi peke yake, mwenye sahani moja ya ugali kwa siku, mashine ni ya nini kama si ya kutudharau sisi wenye mabeseni?

Kwa hiyo tunaomba: sinki lifungwe kwa mkanda wa Serikali ya Mtaa, vyombo vikaguliwe nyumba kwa nyumba, ukianzia kwa Nyanzala, na Josephina asimamishwe kikundini mpaka hapo atakaposhika tena beseni. Asipike kwenye shughuli za watu, na watu wasipike kwenye zake. Tunajua hilo la mwisho ni zito. Wanachama kumi na mmoja wamesaini nyuma, wote kwa moyo mmoja.

Msalimie mama watoto, wazee wa baraza, na yule jirani yako mwenye jogoo. Sisi tuko salama, isipokuwa kwa hayo niliyoyataja.

Wako katika ujenzi wa mtaa,
Rabia Uwesu
Katibu

N.B. Barua hii imechelewa kukufikia kwa sababu Jumamosi nilikuwa na akika ya mjukuu wangu Iman. Niliwaarifu wanachama kumi na mmoja. Mariana akasema mgongo. Nyanzala akasema ng'ombe wa kaka yake wamepotea. Upendo alikuwa anasubiri mgeni wa treni, siku ambayo treni haiji. Wengine simu zao hazikupatikana. Saa nne asubuhi geti likafunguka, akaingia Josephina, na mabeseni mawili kichwani.

Nilimwambia, "Lakini wewe tumeomba usimamishwe." Akasema, "Nimesikia. Sabuni iko wapi?"

Tuliosha wawili mpaka alasiri, yeye anaosha, mimi nasuuza. Mwishoni nikashindwa kujizuia, nikamuuliza kama anajua kuosha hivi, sinki alilinunulia nini. Hakunitazama. Akasema, "Dada Rabia, mimi nyumbani sikuwahi kuosha vyombo. Telesfori ndiye alikuwa anaosha. Miaka ishirini na sita, kila baada ya chakula, anafunga mlango wa jikoni ili nyie msimwone mkamcheka. Na mimi nakaa sebuleni namsikiliza anapiga mluzi." Akanipa sahani. "Hili sinki halijui mluzi. Ila nikiliwasha nikafunga mlango, angalau kuna mtu jikoni."

Ndugu Mwenyekiti, naomba usikifunge chochote kwa mkanda. Umeme ukitaka kukatwa upande wetu, ukipata taarifa mapema, mwambie Josephina kwanza.