Malalamiko ya Mjomba Aliyegeuzwa Sifuri

Madale, Dar es Salaam

Ndugu zangu mnaotunza programu huria ya kuzalisha orodha za moja na sifuri,

Sijui mko nchi gani, ila ukurasa wenu unasema aliyeona kasoro aeleze alichotarajia na kilichotokea. Nimeandika habari kwa miaka thelathini na moja, kwa hiyo nitakuwa mfupi. Nilitarajia kualikwa kwenye harusi ya Eufrazia, mtoto wa dada yangu. Kilichotokea ni kwamba nimekuwa sifuri.

Eufrazia ni mtaalamu wa kompyuta. Ndugu na majirani wako 212. Ukumbi wa Wazo unaingiza watu mia. Badala ya kuiachia kamati igombane, alipakua programu yenu, maana ni ya bure. Kila mtu akapewa tarakimu: moja anakuja, sifuri anabaki nyumbani. Programu ikabuni orodha hamsini kwa kubahatisha, ikazipa alama kwa jinsi walioalikwa wanavyopatana, ikaziozesha zenye alama nyingi, nazo zikazaa orodha mpya. Vizazi mia tatu kabla ya chai ya saa nne. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kizazi cha kwanza nilikuwa moja kwenye orodha ishirini na saba kati ya hamsini. Kizazi cha arobaini, tatu. Kizazi cha sitini na moja nilitoweka, nami nimekaa pembeni ya kompyuta nakula andazi.

2. Orodha mbili zikioana, hukatwa na kubadilishana vipande. Orodha moja ilikatwa baada ya mtu wa 87. Mimi ni wa 88. Sijawahi kutenganishwa na ukoo wangu namna hiyo, hata tulipogawana shamba.

3. Programu yenu hugeuza tarakimu mojamoja bila sababu, ili orodha zisifanane. Kwa bahati hiyo nilifufuka kizazi cha 112. Nikapiga simu Songea kutangaza. Kizazi cha 113 nikafa tena. Simu ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza.

4. Kilichonimaliza ni alama. Programu iliambiwa kwamba mimi na jirani yangu Marselino ni maadui. Mimi Mngoni, yeye Mpogoro, ni watani. Kila asubuhi ananiuliza juu ya ua kama bado sijafa, maana anahitaji mabati yangu. Mie humwambia kichwa chake kingefaa kuwa figa. Kwenye msiba wa mama yangu alijilaza kaburini, akagoma kutoka mpaka apewe jogoo, na wafiwa tukacheka kwa mara ya kwanza baada ya siku tatu. Huu ndio umeitwa uadui: hasi hamsini, wote wawili tukafutwa. Aliyetoa taarifa hiyo simtaji. Kulinda chanzo ni kazi yangu.

5. Anayeongoza kwa alama ni binamu yetu Augustine, ambaye hana ugomvi na mtu tangu alipofariki mwaka juzi. Wa pili ni fundi friji aliyeingia kwa namba ya simu iliyokosewa. Ameshapeleka kitambaa kwa fundi cherehani.

Kwa heshima naomba mjomba awe moja ya kudumu. Naomba pia matusi ya watani yahesabiwe mapenzi. Yakishindikana hayo, geuzeni tarakimu zote: sifuri twende ukumbini, moja wabaki nyumbani na utulivu wao. Nimeisoma orodha ya sifuri mara mbili. Wapiga ngoma wote wako huko, na shangazi Apolonia, ambaye vigelegele vyake huitikiwa na mbwa wa mtaa wa pili. Tuko mia na kumi na wawili, tutabanana.

Wasalimieni wote mnaojitolea nao, pamoja na familia zenu, na hata yule aliyeandika sehemu ya kukata.

Mimi ninayesubiri kadi,
Erasmus (mtu wa 88)

Nyongeza: Usahihi unanidai niseme kwamba chanzo ni mimi. Eufrazia alipopita kuuliza nani hapatani na nani, Marselino alikuwa barazani kwangu anakunywa chai yangu. Ningesemaje mbele yake kwamba ni rafiki yangu? Nikasema, adui huyu, weka hasi hamsini. Yeye akasema, hamsini ndogo, binti, weka mia. Programu yenu ni nzima. Jana Eufrazia alirudi kurekebisha, kadi mbili mkononi, akatuuliza upya. Marselino akanitazama, akisubiri. Nikajibu vilevile.